Sauti Chini ya Gari Kuukuu

Mambo yalianzia kwenye feri ya Likoni. Wasomaji wangu wa pwani hawahitaji kuelezwa namna motokaa inavyoteremka mteremko ule, ikaligusa bamba la chuma, ikajirusha kidogo kabla ya kuingia chomboni. Asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, nikimpeleka mama yangu kliniki ng'ambo ya kisiwani, gari lilipoligusa bamba lile nilisikia "ngo!" upande wa kushoto, mbele, kama mtu aliyegonga mlango mara moja kisha akajuta. Tulipotoka upande wa pili likasema tena, "ngo!" Mama alikuwa ameketi nyuma na tasbihi yake mkononi. Hakuinua macho. Akauliza tu, "Mwanangu, nani abisha?"

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Sauti ile haikuwa ya mchezo.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya umbo linalojulikana kwa jina la 110, lililoundwa Japani mwaka wa 1998 na kuteremshwa bandarini Kilindini mwaka wa 2005. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililokwisha kutumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu kuundwa kwake. Kwa hivyo langu lilifika likiwa limebakiza kidogo tu kuambiwa kwamba ni zee. Tangu siku hiyo limeongeza miaka mingine kiasi cha 20, yote ya matuta, mashimo, chumvi ya bahari na mvua za masika. Sikulilaumu kwa kubisha. Mimi mwenyewe nikiinuka kwenye msala magoti yangu yana sauti yao.

Shida ni kuwa gari lile nilikwisha kuliuza. Au tuseme nilikuwa nimekubaliana bei na mnunuzi, naye ni maalim wa madrasa upande wa Kwale, mtu mpole, mwenye watoto watano. Alitaka chombo cha kumpeleka mkewe kwao Lunga Lunga mwisho wa juma bila ya kupigana vikumbo katika matatu. Alikwisha kuliendesha mara moja, wiki mbili kabla ya sauti ile kuanza, akaridhika. Tuliagana aje Ijumaa baada ya sala na fedha zake mkononi.

Siku ya Jumatano nikalipeleka kwa fundi wetu wa mtaani, ambaye gereji yake ni kivuli cha mkungu na sanduku moja la spana. Akalala chini, akatikisa hiki na kile, akatoka akijifuta mikono. Akanambia, "Shekhe, wataka gari litengenezwe, au wataka linyamaze?"

Nikamwuliza tofauti yake.

"Kulitengeneza ni elfu ishirini na tano, na spea ununue mwenyewe. Kulinyamazisha ni elfu moja."

Naona haya kuyaandika haya, lakini nimeyaanza na sina budi kuyamaliza. Nilimwambia, "Linyamaze."

Akachukua sindano kama ile ya daktari, akaitoboa ile mpira inayofunika kiungo cha chini cha gurudumu, akaijaza grisi nzito hata ikavimba kama shavu la mtoto mwenye halua. Kisha akakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha pale mpira wa asili ulipokwisha kulika, akaubana. Nikalitoa gari pale likiwa kimya kama paka. Nikamlipa elfu yake na mia mbili za chai.

Alhamisi nikampeleka tena mama kisiwani. Tukaligusa lile bamba la feri, kimya. Mama akatega sikio. "Leo habishi," akasema. "Ameingia ndani, au amekwenda zake?"

Sikumjibu, na usiku ule sikulala.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa teksi, kwanza Peugeot 404 na baadaye 504, na nyumbani kwetu magari hayo yalitajwa kama watu wa ukoo. Sijakhitimu juzuu ya kwanza chuoni nilikwisha kujua kwamba 404 ilishinda mbio za East African Safari mwaka wa 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na kwamba katika mwaka huo wa 1968 magari yaliyofika mwisho wa safari yalikuwa 7 tu. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Baba hakuwa na desturi ya kusifu injini, alisifu miguu. Akisema injini itakufikisha uendako, na miguu ndiyo itakayokurudisha kwako. Alipoiuza ile 404 yake alimhesabia mnunuzi kasoro zake moja moja, hata yule bwana akauliza, "Sasa Mzee, waniuzia gari ama wanionya?" Baba akamwambia, "Yote mawili."

Na tena kuna kile kisa ambacho kila mtoto aliyekaa chuoni amekisikia, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, na vidole vyake vikakuta maji kwa ndani. Alilomwambia mwuzaji yule sina haja ya kulikariri hapa. Mimi nililifundishwa kwa bakora, na nilikuja kulifundisha. Vitabu vyetu vya fikihi, katika mlango wa biashara, vina maelezo marefu juu ya aibu iliyofichwa katika bidhaa na hiari ya mnunuzi kuirudisha. Lakini nilipokuwa nikigeuka kitandani nilifikiri kwamba farasi mwenye kidonda atarudishwa, nguo yenye tundu itarudishwa. Gari lililokatika mguu kwenye barabara ya Lunga Lunga lina watoto watano ndani, na hao atamrudishia nani?

Alfajiri nikampigia simu. "Maalim, nipe wiki moja."

"Kuna nini, Bwana?"

"Kuna jambo miguuni."

"Jambo kubwa?"

"Nikilifungua nitakwambia."

Kwa kuwa elfu ishirini na tano za ufundi sikuwa nazo, nikamwita mpwa wangu, kijana aliyesomea ufundi wa magari katika chuo kimoja cha ufundi na ambaye mpaka leo cheti chake kimo ndani ya bahasha. Akaja Jumamosi baada ya sala ya alfajiri na mfuko wa vyuma. Nikamwonyesha pa kuanzia, akanijibu kwa adabu, "Mjomba, tusifungue kitu. Tuliulize kwanza."

Kuliuliza kwenyewe ni hivi. Aliukandamiza mkono kwenye pembe ya mbele ya gari kwa uzito wake wote, akaachilia. Gari zima huinuka mara moja likatulia. Letu liliinuka, likashuka, likainuka tena, likawa laitikia kichwa kama mtu anayekubali maneno asiyoyaelewa. Hapo akanieleza jambo ambalo mimi, mwana wa dereva, nililikosea miaka yote. Nilidhani shokabsoba ndiyo inayoubeba uzito wa gari. Sivyo. Anayebeba ni springi. Kazi ya shokabsoba ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya kuguswa; ndani yake mna pistoni inayopita katika mafuta kupitia matundu madogo, na mafuta yale hukataa kukimbizwa. Mafuta yakivuja, au vali za ndani zikichoka, springi hubaki haina wa kuikanya. Gurudumu huruka kwenye kila tuta, na gurudumu lililo hewani, hata ungelikanyaga breki kwa miguu miwili, halisimamishi kitu.

Katika Corolla hizi springi na shokabsoba husimama pamoja, moja ndani ya nyingine, kama mchi ndani ya kinu. Mtindo huu una jina la mtu, MacPherson, mhandisi wa Kimarekani aliyefanya kazi katika kampuni ya Ford, na gari la Ford Consul lilitoka Uingereza nao mwaka wa 1950. Juu, mchi huo umefungwa kwenye mwili wa gari kwa nati tatu. Chini, gurudumu linashikwa na mkono mmoja wa chuma, na baina ya mkono huo na gurudumu kuna kiungo cha tufe ndani ya kikombe, mfano wa paja na nyonga. Hicho ndicho mafundi wetu wanachokiita boljointi. Kwa hivyo upande wa chini gurudumu zima linashikiliwa na kitu kinachotosha kwenye kiganja cha mkono.

Tukalipiga jeki. Nilikuwa nimeandaa matofali mawili ya saruji ya kuliegemezea. Mpwa wangu akayaondoa bila ya kuniuliza. "Mjomba, mbao hulia kabla ya kuvunjika. Tofali halitoi onyo, hupasuka mara moja." Akatandika vipande vya mvule tulivyoomba kwa seremala jirani, vipana, vilivyokatana msalaba, akatia vigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma, akavuta breki ya mkono, kisha akalisukuma gari kwa bega lake kabla ya mtu yeyote kuingiza hata kidole chini. Nawaambia wasomaji wanaopenda kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake: jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Ndani ya jeki kuna mpira mdogo wa kuzuia mafuta, na mpira huo nao ni mzee kama gari lako.

Akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akatia mtarimbo chini ya tairi, akainua polepole, huku mimi nikichungulia kwa tochi. Nikakiona kile kiungo kikipanda na kushuka ndani ya kikombe chake, upana wa kucha nzima, na grisi mpya ikitoka pembeni kama dawa ya meno. Grisi ile naijua ilikotoka. Kisha akauvuta ule ukanda wa mpira wa baiskeli, mrefu, mweusi, akaninyooshea. "Nani aliyefanya hivi?"

"Fundi," nikasema.

"Nani aliyemwambia?"

Kijana huyu nimembeba mgongoni. Nikamwambia ukweli. Akatazama chini, akaendelea na kazi, na mpaka adhuhuri hatukusema mengi.

Baadaye alinieleza kitakachotokea tufe lile likichomoka. Mara nyingi hutokea katika mwendo mdogo, wakati wa kukata kona au kupanda tuta, na hapo ushukuru. Gurudumu hulala ubavu, mwili wa gari huanguka upande huo, na usukani hauna amri tena. Katika mwendo mkubwa hana la kueleza. Akasema, "Hiki kilibakiza siku, Mjomba, si miezi." Sauti ya "ngo" ilikuwa ni tufe likigonga ukuta wa nyumba yake, likiomba litazamwe. Mimi nikaipa grisi ya elfu moja ili isilie.

Orodha ya spea ikawa hivi: boljointi mbili, shokabsoba mbili za mbele, bushi za mikono ya chini, na vijiti viwili vya ile fito inayozuia gari kulala ubavu kwenye kona. Upande wa kulia haukuwa umeoza kama wa kushoto, lakini shokabsoba hubadilishwa mbili mbili, ama sivyo gari litakuwa na mguu wa kijana na mguu wa mzee. Fedha zilitoka kwa mke wangu, katika mchezo wake na akina mama wenziwe, kwa masharti ambayo si ya kuandikwa gazetini.

Madukani kisiwani utaonyeshwa mafungu matatu. Kuna mpya zenye sanduku na jina. Kuna mpya zenye sanduku na jina la kuiga. Na kuna zile ziitwazo eksi-Japani, zilizochomolewa kwenye magari kule na kuletwa huku kwa makontena. Kijana wa dukani aliniapia kwamba eksi-Japani ni bora kuliko mpya. Huenda katika vitu vingine ana haki, sitabishana naye juu ya taa au mlango. Lakini shokabsoba na boljointi ni vitu vinavyolika kwa kutumika, na kununua kilichokwisha kutumika ni kununua maisha yaliyobaki ya mtu mwingine bila ya kujua yamebaki mangapi. Mpwa wangu aliichukua kila boljointi akaizungusha kwa vidole. Nzuri hukataa kidogo, huzunguka kwa uzito, sawasawa pande zote. Iliyozunguka kirahisi aliirudisha juu ya meza bila ya kusema neno.

Kazi yenyewe, kwa mtu wa Mombasa, nusu yake ni vita na kutu. Hewa yetu ya chumvi huzioa nati na bolti ndoa isiyo na talaka. Jioni ya kwanza hatukufungua hata moja. Tulizisugua kwa burashi ya waya, tukazimwagia mafuta ya kupenya, tukaziacha zilale nayo. Asubuhi nyingine zikalegea zenyewe, nyingine zikataka bomba la chuma lichomekwe kwenye mpini wa spana ili mkono uwe mrefu. Vile vijiti viwili havikukubali kabisa. Nati ikizunguka, na kijiti nacho chazunguka. Tukavikata kwa msumeno wa chuma, kila mtu dakika zake kumi, jasho latutiririka, na watoto wa jirani wamejipanga juu ya ukuta kutazama kana kwamba kuna ngoma.

Boljointi ya kushoto ilinifunza subira. Kwa chini imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili; hizo zilitoka. Kwa juu ina nati yenye meno kama taji, yenye pini ya kuizuia isijifungue, na juu yake pana ile shafti inayolizungusha gurudumu, hapana hata nafasi ya kugeuza spana vizuri. Tukaukandamiza mkono chini kwa mtarimbo, tukalivuta gurudumu nje kidogo, tukalifungua taji robo kwa robo. Breki hatukuiacha ining'inie kwa mpira wake. Tuliifunga kwa waya kwenye springi. Ilipotoka, nikaikamata mkononi. Tufe lilicheza ndani yake tiki-tiki-tiki kama kokwa ndani ya embe sakafu lililokauka. Nikaiweka ndani ya karai, nikaifunika kwa kitambaa, sijui kwa nini.

Juu ya zile shokabsoba, nina onyo moja. Nati tatu za pembeni, zile zinazoushika mwili wa gari, zifungue. Nati ya katikati usiiguse hata kwa kutaka kujua. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu za kulibeba gari. Ukiifungua bila ya kuibana springi kwa kifaa chake, itaruka na kila kilicho mbele yake, na kichwa chako ndicho kilicho mbele yake. Sisi kifaa hicho hatukuwa nacho. Tukavitia michi yote miwili kwenye mkokoteni tukaenda kwa fundi aliye nacho. Na huyo, wasomaji wangu, alikuwa ni yule yule wa chini ya mkungu. Akanitazama. "Shekhe, si uliniambia linyamaze?"

"Nilikwambia. Sasa nimekuja nikwambie jingine."

Akaibana springi taratibu, zamu kwa zamu, upande huu na huu, akabadilisha. Nilipotia mkono mfukoni akasema, "Acha. Ile elfu yatosha." Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinisuta.

Sasa niruhusuni nizungumzie bushi, kwa sababu ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Bushi ni kipande cha mpira kilichogandishwa baina ya chuma na chuma, pale mkono unaposhikana na mwili wa gari. Nilifikiri ni mto tu wa kuzuia kelele. Kumbe mkono ukipanda na kushuka, mpira ule hausuguani na kitu. Hujipinda wenyewe, kisha ukajirudisha. Nikakumbuka mitepe ya Lamu, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja. Wazee wetu walijua kwamba ubao uliofungwa kwa kamba hulegea kidogo na wimbi na kurudi mahali pake, ambapo ubao uliopigiliwa hushindana na wimbi. Mitepe imekwisha baharini. Hekima yake nimeikuta chini ya Corolla, imeandikwa "Made in Japan".

Na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, alinionyesha mpwa wangu. Bushi mpya hutiwa kwa mashine ya kushindilia, si kwa nyundo, na hilo wengi walijua. Lakini bolti za kuzishika zisikazwe gari likiwa limening'inia juu ya jeki. Ukizikaza hivyo, mpira umeushika huku mguu uko chini. Ukilishusha gari, mguu utapanda na mpira utabaki umepindika mchana na usiku, hata gari likiwa limelala. Hautamaliza miezi mingi kabla ya kupasuka, na mwenye gari atasema spea ni mbovu. Dawa yake ni kuzikaza kwa mkono tu, kulishusha gari likanyage kwa uzito wake, kisha ndipo uzikaze kwa nguvu yake kamili. Sisi tuliweka mbao pana chini ya magurudumu ya mbele ili tupate upenyo wa kupitisha spana, na kijana akatumia spana ya kupimia mkazo aliyoiazima, inayotoa mlio nguvu inayotakikana ikifika.

Nilivutiwa pia na majina, kama ilivyo kawaida yangu. Mpwa wangu asema shoka, bushi, boljointi, tairodi. Nami najaribu kumtilia mchi, kifundo, kikombe, kijiti. Akanikatiza. "Mjomba, ukienda dukani ukaomba kifundo, utapewa kitovu cha mlango." Ana haki. Lakini jiliwa, tindo, tupa na mtarimbo ni vyetu tangu zamani, na nilifurahi kumwona akivitaja bila ya kujua kwamba ni vya kale.

Kazi ilituchukua siku tatu, pamoja na sala, chai na mvua moja. Kabla ya kuzifungua bolti mbili zinazoushika mchi na gurudumu tulikuwa tumezitia alama kwa rangi ya kucha aliyotuazima binti yangu, ili mwinamo wa gurudumu urudi ulipokuwa. Hata hivyo gari halikwenda mbali kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, maana ukigusa miguu ni lazima uelekeze nyayo. Bila ya hivyo tairi mpya huliwa ukingo mmoja na wewe hujui.

Alhamisi ikarudi, na safari ya kliniki. Tulipofika kwenye bamba la feri nilizima redio. Gari likagusa, likaingia, likatulia. Nikageuka nyuma nione Mama atasemaje. Alikuwa amelala, tasbihi i mapajani.

Maalim akaja Ijumaa, amevaa kanzu yake nyeupe na bahasha imetuna mfukoni. Nikamkaribisha barazani, akaletewa kahawa, kisha nikamtolea karai nikaliondoa kitambaa. Nikamwonyesha kila kilichotoka na mahali kilipotoka. Nikamweleza na habari ya sindano ya grisi, na ya ukanda wa baiskeli, na siku niliyoyafanya hayo, na kwamba ilikuwa ni siku mbili kabla ya siku aliyokuwa aje na fedha zake. Nikamwambia bei ni ile ile, na kama moyo wake umeingia shaka, yu huru, sitamlaumu.

Hakusema kitu kwa muda. Akaichukua ile boljointi ya zamani, akaitikisa karibu na sikio lake, tiki-tiki-tiki. Akaitikisa tena. Akaiweka chini taratibu kama mtu anayerudisha yai.

"Hii ni ya mbele," akasema.

"Ya mbele, kushoto."

"Na nyuma?"

Wasomaji wangu, nyuma hatukufungua. Nyuma hakukuwa na aliyebisha, na fedha za mchezo zilikwisha mbele. Ningeweza kusema nyuma kuzima, na huenda ingekuwa kweli.

"Nyuma sijapatazama, Maalim."

Akaimaliza kahawa yake. Akavua kofia, akaiweka juu ya bahasha, akaanza kukunja mikono ya kanzu, kunjo baada ya kunjo, mpaka juu ya viwiko.

"Basi," akasema, "jeki iko wapi?"